Vihisio vya Kielektrokemia: Kutoka Elektrolisisi Hadi Viashiria vya Saratani

Mada ya elektrolisisi huonekana kwa watahiniwa wengi kuwa mada ya kupaka vijiko fedha na kusafisha shaba. Matumizi hayo ni kweli, lakini si yote. Kifaa kidogo cha kupimia sukari katika damu, ambacho leo kinapatikana katika maduka ya dawa na vituo vya afya, kinafanya kazi kwa kanuni zilezile. Kwa kanuni hizohizo wanasayansi wanatengeneza vihisio vya kubebeka mkononi vya kutambua kemikali zinazotolewa na seli za saratani. Katika sehemu hii utajifunza jinsi vihisio hivyo vinavyofanya kazi, jinsi ya kukokotoa majibu yake, na kwa nini namba inayotokea kwenye kioo cha kifaa haitoshi peke yake kumwambia mtu kuwa ana saratani.

1. Kwa nini kifaa kiwe cha kubebeka?

Chukua mfano wa Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Kutoka hapo hadi Mpanda, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Ili kuthibitisha saratani, kwa kawaida daktari hukata kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye uvimbe, na mtaalamu hukichunguza kwa hadubini. Kazi hiyo inahitaji maabara na mtaalamu aliyesomea. Matibabu ya mionzi yako mbali zaidi: Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ikola, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza.

Mvuvi au mkulima anayeanza safari hiyo anaacha kazi, anatafuta nauli na mahali pa kulala, na mara nyingi huenda na ndugu wa kumsindikiza. Ndiyo maana wengi huahirisha safari hadi maumivu yazidi, na saratani iliyochelewa kugunduliwa ni ngumu kutibu. Kifaa cha betri kinachoweza kuonyesha mapema nani anahitaji kusafiri kingeokoa maisha. Lakini kifaa kinachokosea kingeweza kumsafirisha mtu bure, au kibaya zaidi, kumwambia mgonjwa arudi nyumbani kwa kuwa ni mzima. Kwa hiyo usahihi wa kifaa una uzito sawa na wepesi wake wa kubebeka.

2. Maneno ya kukumbuka

Oksidisho ni kupoteza elektroni. Ridaksheni ni kupokea elektroni.

Anodi ni elektrodi ambapo oksidisho hutokea. Kathodi ni elektrodi ambapo ridaksheni hutokea.

Elektrolaiti ni kimiminika chenye ioni zinazoweza kusafiri na kupitisha umeme. Damu, mkojo na mate ni elektrolaiti, kwa kuwa vina ioni kama Na⁺ na Cl⁻.

Kiashiria ni kemikali ambayo uwepo wake, au kiasi chake, huendana na ugonjwa fulani.

Kihisio cha kielektrokemia ni kifaa kinachogeuza kiasi cha kemikali kuwa mkondo wa umeme au volti inayoweza kupimwa.

3. Mfano wa kuanzia: kipima sukari

Mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani walieleza namna ya kupima glukosi kwa kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi. Kimeng'enya hicho, glukosi oksidezi, huchochea mmenyuko huu:

C₆H₁₂O₆ + O₂ + H₂O → C₆H₁₂O₇ + H₂O₂

Glukosi inageuka kuwa asidi ya glukoniki, na haidrojeni peroksaidi inazalishwa. Glukosi ikiwa nyingi, peroksaidi inayozalishwa huwa nyingi pia. Peroksaidi hiyo ikifika kwenye anodi ya platinamu inapoteza elektroni:

H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo ndizo mkondo unaopimwa. Vipima sukari vingi vya sasa hutumia kemikali nyingine kupeleka elektroni kwenye elektrodi badala ya kutegemea oksijeni, lakini msingi haujabadilika: kimeng'enya huchagua glukosi, na elektrodi huhesabu elektroni.

Zingatia: Usichanganye kipima sukari na kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo cha malaria hutumia kingamwili na huonyesha mstari wa rangi unaosomwa kwa macho. Hakihesabu elektroni, kwa hiyo si kihisio cha kielektrokemia.

4. Seli za saratani hutoa kemikali gani?

(a) Haidrojeni peroksaidi. Unaifahamu kemikali hii tangu ulipojifunza kuandaa oksijeni maabara, ambapo manganizi(IV) oksaidi hutumika kama kichocheo. Seli zote za mwili huzalisha kiasi kidogo cha H₂O₂. Mwaka 1991, Ted Szatrowski na Carl Nathan walitoa taarifa kwamba aina kadhaa za seli za uvimbe wa binadamu, zilizokuzwa maabara, zilitoa H₂O₂ kwa wingi. Tangu hapo kemikali hii imekuwa shabaha kubwa ya watengenezaji wa vihisio, kwa sababu inatoa elektroni moja kwa moja kwenye elektrodi.

(b) Asidi ya laktiki. Katika miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani aligundua kuwa seli za saratani hutumia glukosi nyingi na kutoa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapokuwepo. Katika somo la Biolojia umejifunza kuwa misuli hutoa asidi ya laktiki inapokosa oksijeni ya kutosha. Seli ya saratani hufanya hivyo bila upungufu huo.

(c) Protini. Tezi dume hutoa protini inayofupishwa PSA. Kiwango chake katika damu kikizidi, madaktari hufikiria uchunguzi zaidi, na kiwango ambacho kimetumika sana kama mpaka ni nanogramu 4 katika mililita moja. Nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, kwa hiyo kihisio cha PSA kinatakiwa kutambua kitu kidogo mno. Protini nyingine, AFP, huongezeka kwa wagonjwa wengi wa saratani ya ini.

Protini hazitoi elektroni kwa urahisi kama H₂O₂. Kwa hiyo elektrodi hupakwa kingamwili zinazoshika protini hiyo tu. Kisha huongezwa kingamwili nyingine iliyofungwa kimeng'enya. Protini ikiwepo, kimeng'enya hubaki kwenye elektrodi na kuzalisha kemikali inayotoa elektroni. Protini isipokuwepo, kimeng'enya huoshwa na mkondo huwa mdogo.

5. Sehemu za kihisio

Elektrodi tendaji. Hapa ndipo kiashiria hupoteza au kupokea elektroni. Huweza kuwa ya kaboni, dhahabu au platinamu, na mara nyingi hupakwa chembe ndogo sana za metali ili eneo la uso liongezeke. Kumbuka kutoka mada ya kasi ya mmenyuko: eneo la uso likiongezeka, kasi huongezeka. Hapa mkondo nao huongezeka.

Elektrodi rejea. Volti yake haibadiliki. Hutumika kama kipimo cha kulinganisha, mara nyingi ikiwa ya fedha iliyopakwa kloraidi ya fedha.

Elektrodi saidizi. Hukamilisha sakiti. Oksidisho likitokea kwenye elektrodi tendaji, ridaksheni hutokea hapa.

Sakiti ya kudhibiti volti. Hutumia betri ndogo na kuhakikisha volti ya elektrodi tendaji inabaki pale ilipopangwa. Kwa H₂O₂ kwenye platinamu, volti inayotumika ni kama 0.6 hadi 0.7 juu ya elektrodi rejea ya fedha.

Elektrodi zote tatu huweza kuchapwa kwa wino wa kaboni na wino wa fedha kwenye kipande cha plastiki kidogo kuliko kidole. Ndiyo maana kifaa kinaingia mfukoni.

6. Kukokotoa kwa sheria ya Faraday

Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kuwa kiasi cha dutu kinachobadilika kwenye elektrodi hulingana na chaji iliyopita. Kanuni ni:

Q = I × t

Chaji ya moli moja ya elektroni ni kulombi 96,500.

Mfano 1. Kihisio kilichowekwa karibu na seli zinazotoa H₂O₂ kilionyesha mkondo wa maikroampia 0.193 kwa sekunde 100. Je, ni moli ngapi za H₂O₂ zilizopoteza elektroni? (Namba za mifano yote zimetungwa kwa ajili ya zoezi.)

Suluhisho:
I = 0.193 × 10⁻⁶ A
Q = 0.193 × 10⁻⁶ × 100 = 1.93 × 10⁻⁵ C
Moli za elektroni = 1.93 × 10⁻⁵ ÷ 96,500 = 2.0 × 10⁻¹⁰
Kila molekuli ya H₂O₂ hutoa elektroni 2, kwa hiyo moli za H₂O₂ = 1.0 × 10⁻¹⁰

Watahiniwa wengi husahau hatua ya mwisho. Andika kwanza mlinganyo wa nusu mmenyuko, hesabu elektroni zake, ndipo ugawanye.

7. Kusoma ukolezi kwa grafu

Sheria ya Faraday hutueleza kiasi kilichobadilika kwenye elektrodi. Haituelezi moja kwa moja ukolezi wa sampuli nzima, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya molekuli inayofika kwenye elektrodi. Kwa hiyo kihisio hupimwa kwanza kwa mimumunyo ambayo ukolezi wake unajulikana, kisha grafu huchorwa.

Mfano 2. Kihisio kilitoa matokeo haya:

Ukolezi wa H₂O₂ (maikromoli kwa lita): 0, 10, 20, 40
Mkondo (maikroampia): 0.05, 0.25, 0.45, 0.85

Sampuli ilitoa maikroampia 0.65. Tafuta ukolezi wake.

Suluhisho:
Mteremko = (0.85 − 0.05) ÷ (40 − 0) = 0.02
Mlinganyo wa mstari: I = 0.02c + 0.05
0.65 = 0.02c + 0.05
c = 30 maikromoli kwa lita

Angalia kuwa mkondo si sifuri hata pale ambapo H₂O₂ haipo. Maikroampia 0.05 ni mkondo wa msingi wa kifaa chenyewe. Usipoutoa, utapata 32.5, na utakuwa umekosea.

8. Tatizo kubwa: elektroni hazina jina

Elektrodi haijui elektroni imetoka wapi. Kwa volti ileile inayooksidisha H₂O₂, kemikali nyingine za mwilini nazo huoksidishwa. Mifano ni vitamini C na asidi ya yuriki. Hata parasetamoli aliyomeza mgonjwa asubuhi inaweza kutoa elektroni. Kifaa huzijumlisha zote na kuonyesha namba moja.

Kuna njia tatu za kupunguza kosa hili.

Kwanza, kuchagua kichocheo kinachowezesha H₂O₂ kumenyuka kwa volti ndogo ambayo haitoshi kuoksidisha kemikali nyingine.

Pili, kufunika elektrodi kwa utando unaopitisha molekuli ndogo zisizo na chaji kama H₂O₂ na kuzuia ioni hasi. Katika damu, vitamini C na asidi ya yuriki huwa katika hali ya ioni hasi, kwa hiyo huzuiwa.

Tatu, kutumia kimeng'enya cha katalezi. Hiki ndicho kinachofanya ini bichi litoe povu ukilidondoshea H₂O₂:

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Sampuli hugawanywa sehemu mbili. Sehemu moja hupimwa kama ilivyo. Nyingine huongezwa katalezi ili H₂O₂ yote iishe, kisha hupimwa. Tofauti ya mikondo ndiyo inayotokana na H₂O₂.

Mfano 3. Kwa kihisio cha Mfano 2, sampuli ilitoa maikroampia 0.65. Baada ya katalezi, ilitoa 0.25. Tafuta ukolezi halisi wa H₂O₂.

Suluhisho:
Tofauti = 0.65 − 0.25 = 0.40
c = 0.40 ÷ 0.02 = 20 maikromoli kwa lita

Linganisha na jibu la Mfano 2. Mkondo ulikuwa uleule, 0.65, lakini theluthi moja ya ukolezi uliodhaniwa haikuwa H₂O₂ hata kidogo.

9. Kiashiria si ugonjwa

Hata kipimo kikiwa sahihi, bado swali linabaki: je, kemikali hiyo imetoka kwenye saratani? Seli nyeupe za damu hutoa H₂O₂ zinapopigana na vijidudu, kwa hiyo kidonda chenye usaha kinaweza kuinua kiwango chake. PSA huongezeka pia tezi dume inapovimba bila saratani. AFP huongezeka kwa mama mjamzito. Aidha, H₂O₂ haidumu katika damu, kwa sababu seli nyekundu zina katalezi inayoiharibu haraka. Kihisio chake kinatakiwa kuwa karibu sana na seli zenyewe. Hii ni sababu mojawapo inayofanya vihisio vingi vya H₂O₂ vibaki vikitumika kwenye seli zilizokuzwa maabara.

Sasa tumia hesabu za uwezekano.

Mfano 4. Watu 1,000 wanapimwa. Kati yao 10 wana ugonjwa. Kifaa hutambua wagonjwa 9 kati ya 10, lakini pia huwataja kimakosa watu 10 katika kila watu wazima 100. Mtu akiambiwa anao, kuna uwezekano gani kuwa kweli anao?

Suluhisho:
Wagonjwa waliotambuliwa = 9
Watu wasio na ugonjwa = 990
Waliotajwa kimakosa = 990 × 10 ÷ 100 = 99
Jumla ya walioambiwa wanao = 9 + 99 = 108
Uwezekano = 9 ÷ 108 = 1/12

Katika watu 12 walioambiwa wana ugonjwa, ni mmoja tu anao. Wengine 11 wangetoka Ikola kwenda Mpanda na pengine Dar es Salaam kwa hofu isiyo na sababu. Na mgonjwa mmoja kati ya 10 angeambiwa ni mzima. Ndiyo maana kipimo cha awali hufuatwa na uchunguzi wa kuthibitisha, na ndiyo maana mtu mwenye dalili hapaswi kutulia kwa sababu tu kifaa kimoja kimeonyesha namba ndogo.

10. Joto, unyevu na utunzaji

Kimeng'enya ni protini, na protini huharibika kwa joto kali. Stripu za kipima sukari hufungwa kwenye kichupa kisichopitisha hewa yenye unyevu kwa sababu hiyohiyo. Kihisio cha kutumika mwambao wa ziwa, penye jua na mvuke, kinatakiwa kistahimili hali hiyo au kitumie kichocheo kisicho cha protini, kwa mfano chembe za platinamu. Kihisio kilichoharibika hakilii wala hakitoi moshi. Huendelea kuonyesha namba, lakini namba hiyo si ya kweli. Njia ya kugundua ni kukipima tena kwa mmumunyo ambao ukolezi wake unajulikana.

11. Njia zinazotumika sasa

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kipimo chake kimojawapo cha awali ni cha kemia rahisi: mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya ethanoiki iliyozimuliwa, asilimia 3 hadi 5, na sehemu zenye mabadiliko hugeuka nyeupe ndani ya dakika moja au mbili. Asidi hiyo ndiyo iliyomo katika siki. Hakuna elektrodi wala betri. Mwaka 2018 Tanzania ilianza nchi nzima kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi vya papiloma, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Vihisio vya kielektrokemia vitakapokuwa tayari kwa kazi hii vitaongezea nguvu njia hizi. Havitaziondoa.

Muhtasari

• Kihisio cha kielektrokemia hugeuza mmenyuko wa oksidisho au ridaksheni kuwa mkondo.
• Kimeng'enya, kingamwili au utando huchagua kemikali. Elektrodi huhesabu elektroni.
• Chaji hupatikana kwa Q = I × t. Ukolezi hupatikana kwa grafu, baada ya kutoa mkondo wa msingi.
• Kemikali nyingine zinazooksidishwa huongeza mkondo na kuleta jibu la uongo.
• Kuwepo kwa kiashiria ni sababu ya kuchunguza zaidi. Si uthibitisho wa saratani.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini platinamu inafaa kuwa elektrodi tendaji kuliko zinki.

2. Mkondo wa maikroampia 0.965 ulipita kwa sekunde 100 wakati H₂O₂ inaoksidishwa. Kokotoa moli za H₂O₂ zilizopoteza elektroni.

3. Kwa kutumia mlinganyo wa Mfano 2, sampuli ilitoa maikroampia 0.75, na baada ya katalezi 0.45. Tafuta ukolezi wa H₂O₂.

4. Watu 1,000 walipimwa, 20 kati yao wakiwa wagonjwa. Kifaa kilitambua wagonjwa 18, na kiliwataja kimakosa watu 5 katika kila watu wazima 100. Tafuta uwezekano kuwa aliyeambiwa ni mgonjwa ni mgonjwa kweli.

5. Muuzaji anafika kijijini na kifaa, anadai kinatambua saratani yoyote kwa tone moja la damu. Taja maswali matatu ya kisayansi ya kumuuliza kabla ya kumwamini.

Majibu

1. Platinamu haimenyuki kwa urahisi. Zinki ingeoksidishwa yenyewe kuwa Zn²⁺ na kutoa elektroni ambazo hazikutoka kwenye kiashiria.

2. Q = 9.65 × 10⁻⁵ C. Moli za elektroni = 1.0 × 10⁻⁹. Moli za H₂O₂ = 5.0 × 10⁻¹⁰.

3. Tofauti = 0.30. Ukolezi = 0.30 ÷ 0.02 = 15 maikromoli kwa lita.

4. Waliotajwa kimakosa = 980 × 5 ÷ 100 = 49. Uwezekano = 18 ÷ 67, karibu 0.27.

5. Jibu zuri litauliza kifaa kinapima kemikali gani, na kama kemikali hiyo huongezeka pia kwa magonjwa mengine au kwa dawa. Katika watu wazima 100 kinakosea kwa wangapi, na katika wagonjwa 100 kinawakosa wangapi. Na majibu yake yamelinganishwa na uchunguzi wa hadubini hospitalini au la.